Mkaa wa magunzi na maganda ya karanga: yaliyonikuta Dodoma kabla biashara haijasimama

Wanaonipigia simu kuulizia mkaa mbadala karibu wote huanza na swali hilo hilo: mashine ni shilingi ngapi? Nami huwauliza, malighafi unaitoa wapi, na nani atanunua? Wengi hujibu kwamba watanirudia. Hawarudi. Siwalaumu, maana hata mimi nilianzia kwenye mashine, na mashine yenyewe ilikaa chini ya turubai muda mrefu kabla haijarudisha hata nauli ya kuileta.

Nilikuwa nauza mkaa wa kawaida reja reja Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, kwa kisado na kwa ndoo. Kila gunia likiisha, chini zinabaki chenga na vumbi ambalo mteja halitaki. Lilikuwa linarundikana nyuma ya kibanda mpaka namlipa kijana akalitupe. Kisha nikasikia kwamba vumbi hilo hilo linaweza kuwa mkaa tena. Wakati huo Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huo huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nikajiuliza: shule zote hizi, vyuo vyote hivi vilivyojaa Dodoma, watapikia nini? Nikatoa akiba, nikaongezea fedha za kikundi chetu cha wanawake tulizokopa kwenye ule mkopo wa halmashauri usio na riba, nikaagiza mashine ya kushindilia vumbi la mkaa liwe vipande.

Chenga za kibandani kwangu ziliisha haraka. Nikaanza kuzungukia vibanda vya wenzangu, na hapo nikajua kwamba taka ni taka mpaka atokee mtu wa kuiulizia. Mwanzoni walinipa bure na shukrani juu. Baadaye kiroba kikawa mia tano, kikawa elfu, na mmoja akaanza kuniwekea oda kama anauza mchele. Zaidi ya hapo, chenga za sakafuni zina mchanga. Ukitaka kujua kiasi gani, mwaga kopo moja kwenye ndoo ya maji: mkaa unaelea, mchanga unazama. Kuna kibanda ambacho karibu theluthi ya kopo ilikwenda chini. Nilikuwa nanunua barabara.

Nikahamia kwenye mabaki ya mazao. Ukisikiliza takwimu za kilimo, Dodoma tumejaliwa: alizeti, karanga, mtama, uwele, mahindi ya Kongwa, mpunga wa Bahi. Nikaenda Kizota kwenye mashine za kukamua alizeti nikitegemea kukuta milima ya makapi. Sikuikuta. Mashine ndogo nyingi zinakamua mbegu pamoja na ganda lake, kwa hiyo ganda linatokea ndani ya mashudu, na mashudu ni chakula cha mifugo, yana wenyewe wanaoyasubiri mlangoni. Nikaenda Kibaigwa kutafuta magunzi, si ndiko kuna soko kubwa la mahindi? Mpagazi mmoja alinicheka waziwazi. "Mama, hapa mahindi yanafika yameshapukuchuliwa. Magunzi umeyapita huko huko njiani."

Kweli. Magunzi yako vijijini Kongwa, na zaidi kule Kiteto, mashine za kupukuchulia zinakozunguka baada ya mavuno na kuacha marundo kila zinapopita.

Pumba za mpunga za Bahi zipo, na zilinipotezea muda. Zina silika nyingi, zikiungua zinaacha majivu mengi kuliko karibu mabaki yote tunayoyajua huku. Mkaa wake unawaka vizuri, lakini mtu aliyebandika maharage anakuta jiko limejaa majivu na moto umekosa hewa kabla maharage hayajalainika. Na wachoma tofali nao wanazitaka. Nikawaachia.

Nikabaki na magunzi na maganda ya karanga. Majivu yake ni machache, yanaungua kwa urahisi, tena kwa jua la huku hukauka bila shida. Kasoro yake ni wepesi. Fuso inajaa hadi inafungwa kamba juu, ukipima mzigo unakuta umesafirisha hewa. Na ukishachoma, kilo 100 za magunzi makavu zinakupa kati ya kilo 20 na 30 za mkaa. Kwa hiyo usisafirishe magunzi. Beba mapipa, kachomee huko huko shambani, rudi na mkaa kwenye magunia. Nilipoanza kufanya hivyo gharama ya usafiri kwa kilo ilishuka hadi nikarudia hesabu nikidhani nimekosea.

Kuna jambo la kijijini ambalo halimo kwenye mafunzo ya ujasiriamali. Katika kijiji kimoja cha Kongwa nilimwamkia mzee mwenye eneo, akaitika, tukaongea bei, akakubali. Nilipokuwa naondoka akasema, "Mwanangu, yachukue yale ya kwenye mashine. Yale ya majumbani waachie akina mama, wanapikia." Sikuwa nimeliwaza. Ningebeba yote, wale akina mama wangerudi porini kukata miti, na mimi huku mjini najitangaza kwamba naokoa misitu. Tangu hapo nachukua marundo ya mashineni tu, na makubaliano tunayaandika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Kuchoma hakuhitaji mtambo wa ajabu. Fundi wa kuchomelea alinitobolea mapipa ya lita 200 matundu chini, akaweka mfuniko wenye bomba. Jaza magunzi makavu, washa kwa juu, si kwa chini. Mwanzo unatoka moshi mzito mweupe, hayo ni maji na gesi. Baadaye moto unaula moshi wenyewe. Ukiona moshi umekuwa mwembamba, wa bluu, karibu hauonekani, ziba matundu ya chini kwa udongo, funika juu, paka tope kila mwanya. Ukiziba mapema, mkaa unabaki wa kahawia, unanuka lami, na moshi wake utakufukuzia wateja. Ukichelewa, unavuna majivu. Mtu hufundishwa hili na macho yake, hakuna saa inayolijua, kwa sababu magunzi ya leo hayana ukavu wa magunzi ya juzi.

Ila kuna hili ambalo hakuna aliyeniambia, nami nalisema kwa kila anayeanza: mkaa mpya unaweza kuwaka upya wenyewe. Ukiutoa kwenye pipa lililozibwa, unaanza kunywa hewa, na kunywa hewa kunauletea joto. Siku moja tulifungua mapipa asubuhi, tukagusa kwa kiganja, baridi kabisa. Tukajaza viroba vya nailoni, tukavipanga ukutani, tukaenda kulala tumeridhika. Usiku wa manane mlinzi wa jirani akagonga geti, kasikia harufu ya plastiki. Hapakuwa na moto wa kuonekana. Kiroba cha tatu kutoka ukutani kilikuwa na duara jekundu la ukubwa wa sahani, linapanuka polepole bila kelele, na nailoni inadondoka matone ya moto juu ya kiroba cha chini yake. Tulimwaga maji yote tuliyokuwa nayo, ya kunywa na ya kuoga. Ukuta ulipona. Sehemu kubwa ya mzigo ikawa majivu na tope. Sasa tukifungua pipa tunatandaza mkaa chini, tabaka jembamba, mbali na ukuta, tunanyunyiza maji, unalala nje siku nzima ndipo uingie kwenye gunia.

Vumbi nalo ni la kuogopa. Upepo wa Dodoma kuanzia Juni unaujua mwenyewe. Nilisagia nyumbani mara chache tu, shuka za jirani zikageuka rangi kambani, mwenyekiti wa mtaa akaja, na alikuja kwa upole kwa sababu alikuwa mteja wangu wa zamani. Nikapanga eneo pembezoni, upande wa Nala. Kodi iliongezeka, usingizi pia. Kama unasaga, vaa barakoa nzito na loweshea mkaa kidogo kabla ya kusaga. Na usimwombe mwenye mashine ya unga akusagie. Nilimwomba, akanitazama kama nimemtukana. Haki yake.

Sasa mashine. Niliinunua milioni mbili na laki nane, ya parafujo, ya umeme. Muuzaji alinihakikishia tani moja kwa siku. Hakusema kwamba mota yake inataka umeme wa fezi tatu, nami sikujua kuuliza. Kibanda changu kilikuwa na fezi moja. Kuvuta fezi tatu kuna gharama yake na kusubiri kwake, na ndiyo maana ya lile turubai nililolitaja. Tulipoiwasha hatimaye, ile tani moja haikuonekana, kwa sababu si mashine inayochelewesha kazi. Kinachochelewesha ni kuchoma, kusaga, kuchanganya na kukausha. Mchanga uliobaki kwenye chenga ukala parafujo mpaka vipande vikaanza kutoka vimelegea. Fundi huirudishia kwa kuichomelea chuma kigumu, na hiyo ni gharama ya kila mara, iweke kwenye hesabu. Ningeanza leo, ningeanza na mashine ya mkono ya mafundi wa hapa, nikauza mpaka mikono iseme imechoka, ndipo ninunue ya umeme nikiwa na oda.

Gundi tunatumia uji wa muhogo, kwa kawaida kilo moja ya unga kwa kilo 20 za vumbi. Upike hadi uvutike, uchanganye ungali moto. Wapo wanaotumia udongo wa mfinyanzi. Ni rahisi, hauna harufu, na unaongeza uzito. Kwenye uzito ndiko kwenye kishawishi. Mkaa wenye udongo mwingi unauzika mara moja, mteja akikuta jiko limejaa tofali la majivu harudi. Nina kipimo changu cha kienyeji: napima gramu 100 za mkaa mkavu, nauchoma mpaka uishe kabisa, napima majivu. Kila shehena. Yakizidi kawaida, najua kuna mchanga umeingia au kuna kijana amechota udongo ili amalize mapema. Mzani mdogo wa jikoni ni elfu kumi na kitu. Umeniokolea zaidi ya mashine.

Kukausha ndiko biashara ilikonifundisha adabu. Jua la hapa likikuona mgeni linakudanganya. Ukiuweka mkaa mbichi juani moja kwa moja saa sita, ganda la nje linakauka, ndani bado tope, kipande kinapasuka katikati. Inabidi kuanza kivulini penye upepo, siku ya kwanza na ya pili, kisha juani kwenye kichanja cha wavu ili hewa ipite chini. Kuanzia Agosti hadi Novemba siku chache zinatosha. Ikija Desemba na mvua zake, wiki mbili hazitoshi, na uji wa muhogo ni chakula: ukungu unaota mweupe juu ya kipande, mteja anadhani ni sumu. Shehena moja ya Januari nililazimika kuirudisha kwenye kinu, kuisaga na kuikanda upya. Muhogo mpya, umeme mpya, vibarua wapya, kwa mkaa ule ule.

Kujua kama umekauka, usitegemee kugusa. Chagua vipande vichache, vitie alama ya chaki, vipime kila jioni. Uzito ukiacha kushuka, umekauka. Vipande vikavu vikigongana vinalia kama vigae. Vyenye maji vinatoa sauti ya kufa. Mkaa wenye maji unatoa moshi, unachelewa kushika, na tangazo lako la "hauna moshi" linakuumbua mbele ya watu.

Na hilo tangazo lenyewe liwe na mpaka. Mkaa huu ukishika hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi kama mkaa mwingine wowote, nayo haina rangi wala harufu. Asubuhi za Juni na Julai hapa kuna baridi, watu wanaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Mkaa wetu unakaa na moto muda mrefu, kwa hiyo hatari yake ni ndefu pia. Kwenye mfuko wangu nimeandika kwa herufi kubwa: usilale na jiko ndani. Aliyenitengenezea mfuko alinishauri niyafute maneno hayo kwa kuwa yanatisha wateja. Yapo mpaka leo.

Nikifika kwenye kuuza, mimi niliyekuwa muuza mkaa nilidhani hapo ndipo penye wepesi. Mkaa mtaani unauzwa kwa kisado. Mtu anatazama kilivyorundikwa juu, anataka kilima. Mkaa wetu ni mzito: kisado kile kile kinabeba karibu mara mbili ya uzito wa mkaa wa miti. Ukiuza kwa bei ya kisado cha kawaida unapata hasara. Ukiuza kwa bei ya uzito, mteja anaona kisado kimoja bei ya viwili, anaondoka huku anasonya. Nilijaribu kueleza. Foleni ya jioni haina nafasi ya maelezo, mtu ana watoto wenye njaa nyumbani. Mwisho nikaacha kisado kabisa. Nikafunga mifuko ya kilo moja na kilo tano, mzani mezani, na kilo moja shilingi 1,000. Wale wa kilima nikawapoteza. Walionunua kwa mzani wakaanza kulinganisha saa za kupika, na hapo ndipo mkaa wetu unaposhinda.

Lakini si kwa kila mtu. Kaka wa chipsi alinirudishia mfuko nusu: anataka moto mkali wa ghafla, mafuta yakipoa chipsi zinanyonya, na mkaa wetu haukurupuki. Familia ndogo hazikuupenda pia, kwa sababu ukishashika ni vigumu kuuzima ukabakiza wa kesho. Waliouelewa ni mama lishe wa maharage na makande, na wachoma nyama, maana haurushi cheche wala haupandishi moto ovyo. Halafu wakaja wateja ambao sikuwawaza hata kidogo: wafuga kuku. Vifaranga wa siku za mwanzo wanataka joto usiku kucha, na mfugaji anayetumia mkaa wa miti anaamka mara mbili tatu kuongeza. Dada mmoja wa Nzuguni alichukua kilo tano kujaribu, kesho yake asubuhi akapiga simu kuuliza kama naweza kumletea kila wiki. Nilimuuliza kwanza kama banda lina matundu ya hewa juu. Vifaranga nao hufa kwa ile hewa.

Shule nilizoziwaza mwanzoni? Nimepata, ila si kama nilivyoota. Shule inayopikia kuni ina majiko ya kuni; mkaa wetu ukitupwa humo unaungua bila faida. Lazima jiko libadilike, na jiko kubwa ni fedha ambazo hazimo kwenye bajeti ya muhula. Taasisi za umma zinanunua kupitia NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi ya mtandaoni, kwa hiyo ujisajili, uwe na namba ya mlipakodi, leseni, kila kitu kisomeke. Halafu malipo. Taasisi moja ililipa baada ya muhula kwisha, na mimi nilikuwa nimeshanunua muhogo na kulipa vibarua kwa fedha taslimu. Sasa hivi kwa mteja wa namna hiyo sitoi mzigo mkubwa kuliko ule ambao nikicheleweshewa naweza kuendelea kula. Na ujue humo ndani hauko peke yako: gesi inasukumwa kwa nguvu, na mkaa wa STAMICO, shirika la madini la Serikali, uitwao Rafiki, unaotokana na makaa ya mawe, unazitafuta taasisi hizo hizo.

Makaratasi mengine nayapita haraka. Barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inamsaidia mjasiriamali mdogo anapokwenda TBS, shirika la viwango, anza nayo. Ukisafirisha mkaa wako kutoka kijijini, beba leseni, barua ya kijiji na mfuko wa sampuli karibu na dereva. Kwenye geti moja la ukaguzi nilikaa nusu siku naulizwa kibali cha mkaa wa miti. Afisa alikuwa anafanya kazi yake, magunia meusi ni magunia meusi. Nilichukua kipande, nikakivunja mbele yake aone punje za gunzi ambazo hazijasagika sawasawa. Tukaelewana.

Katikati ya hayo yote niliyumba kidogo. Kuna waliokuja na habari kwamba pesa kubwa iko kwenye kaboni ya dhahabu, ile inayotumika kwenye mitambo ya kuchenjulia. Nikamtafuta mwenye mtambo. Akachukua kipande cha mkaa wangu, akakibana kwa vidole viwili, kikawa unga. "Dada, hiki kikisagika kwenye tope, kinaondoka na dhahabu yangu." Wanatumia kaboni ya vifuu vya nazi kwa sababu ni ngumu, tena iliyopitishwa kwenye mvuke wa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 ili ifunguke vitundu vidogo vya kunasia dhahabu. Pipa langu na ganda la karanga haviko hata kwenye mtaa huo. Nilishukuru kwamba alinijibu kabla sijakopa.

Mkaa wa shambani, ule wanaouita bayocha, ni habari nyingine, na huo naufanya kidogo. Mkulima wa bustani alichukua vumbi la magunzi akalimwaga kwenye mchicha likiwa vile vile, mchicha ukawa wa njano, akaja na majani mkononi. Mkaa mbichi unavishika virutubisho na kuinyima mizizi. Sasa nauza uliochanganywa na samadi ya mbuzi, ukaloweshwa na kukaa wiki kadhaa. Pia naanza kwa kumuuliza mkulima kama udongo wake umepimwa, kwa sababu mkaa huu una hali ya majivu, unapandisha pH, na baadhi ya sehemu za huku udongo tayari una magadi. Kwenye udongo wenye asidi unasaidia, penye magadi unaongeza tatizo. Wenye mizabibu nawashauri wajaribu mistari michache kwanza.

Akaja pia dalali wa hewa ukaa, biashara ya kulipwa kwa kuzuia kaboni isiende angani, anataka "ada ya usajili" ili anitafutie mnunuzi ng'ambo. Kwa biashara hiyo nchi ina kanuni za mwaka 2022, na kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kiko SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Huko ndiko kwa kuuliza kabla hujatoa senti. Nami nilikuja kuelewa jambo ambalo dalali alilipita: mkaa wa kuzikwa ardhini ndio unaohesabiwa kuwa umehifadhi kaboni. Wa jikoni unaungua, kaboni yake inarudi angani. Kwa kiasi ninachozika mimi, gharama za kupima na kuhakiki zingemeza kila kitu.

Hesabu ya kilo moja, kwa msimu wa kiangazi, inakaa hivi kwangu: magunzi na kibali cha kijiji, vibarua wa kuchoma, usafiri, muhogo, umeme, mfuko na ukarabati wa parafujo, jumla inazunguka kwenye 650. Wa jumla namuuzia 800, reja reja 1,000. Masika gharama inapanda hadi faida inakuwa jina tu, kwa hiyo nimebadilisha kalenda. Kuanzia Juni, mashine za kupukuchulia zinapotoka, nachoma mfululizo na kukausha kila siku ya jua, naweka stoo kwenye chaga zilizoinuliwa, hadi Desemba. Mvua ikianza, mapipa yanapumzika, vibarua wanakwenda mashambani kwao, nami nauza nilichoweka. Stoo kubwa ndiyo inayonisumbua sasa: ya bati, sakafu ya saruji, mahali maji ya mvua hayafiki. Niliyoipanga inavuja kona moja, na mwenye nyumba kaahidi kuiziba kabla ya Novemba.